Nyumba Isiyoumua Mkate

Alhamisi Kuu, kama wanawake wote wa mtaa wa ngome pale mjini Ioannina, Theano alikanda unga wa mkate wa Pasaka kwa maziwa, mayai na hamira, akaufunika blanketi la sufu karibu na jiko. Alasiri akaufunua. Unga ulikuwa umelala vilevile alivyouacha.

Hakushangaa. Katika nyumba ile, juma la Pasaka unga hauumuki. Ukivushwa barabara kwenda kwa jirani hufura mpaka ukafurika bakuli. Ukirudishwa, hunywea mlangoni. Majirani humtania kwamba mkate wake unafaa kuezekea paa.

Baba Stathis, kasisi wao, alipita kunyunyiza maji ya baraka. Akaubonyeza unga kwa kidole.

"Mwanangu, mkate wetu huumuka kwa sababu Bwana amefufuka. Huu bapa ni wa Wayahudi."

"Na Bwana mwenyewe alikuwa mtu wa wapi, baba? Wa hapa jirani, Arta?"

Kasisi akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Haya, Pasaka ilikuwa yao kwanza, sikatai. Mwanakondoo, damu mlangoni, kutoka utumwani, yote yao. Sisi tumeipokea tu."

"Tumeipokea," alisema Theano, akizitazama kuta. "Kama nyumba."

Kasisi akafunga chupa yake, akakumbuka kwamba anasubiriwa kwingine.

Nyumba ilikuwa ya kina Hanula, rafiki yake Theano wa tangu utotoni. Wakati wa vita, asubuhi moja theluji ikianguka, Wajerumani waliwapakia Wayahudi wote wa mji kwenye malori, na kina Hanula hawakurudi. Pasaka yao ilikuwa imekaribia. Mama yake Hanula alikuwa ameshaifagia nyumba hamira yote, hadi makombo ya mifukoni, kama ilivyo desturi yao, maana Pasaka yao huliwa mkate usioumuka. Nyumba ikabaki inangoja mlo wa Pasaka ile. Badala yake aliingia baba mkwe wa Theano na godoro lake, theluji haijayeyuka bado. Theano aliolewa humo, na miaka yote hiyo hamu ya Hanula haijamtoka.

Jua lilipozama mlango ukafunguka wenyewe. Hanula alisimama kizingitini, msichana yuleyule, theluji mabegani ingawa milozi ilikuwa imeshachanua. Huja kila mwaka.

"Umezeeka, shoga."

"Na wewe hukui tu. Karibu ndani, utaganda hapo."

"Unanikaribisha kwetu?"

 Theano alijua kinachoweza kumwingiza: kumwambia kwamba nyumba ni yake. Hakuna alichotamani zaidi ya kumwona ameketi mezani, na maneno alikuwa nayo mdomoni. Mezani, Lambros, mumewe, akageuza ukurasa wa gazeti.

"Mwambie aingie au aende zake, baridi inatuua. Na hati ina jina la baba, mwambie na hilo."

"Amesikia," alisema Theano.

Akayameza maneno. Akauoka ule unga bapa, akaumega, akaketi sakafuni upande wa ndani wa kizingiti, Hanula upande wa nje. Wakala. Wakamsengenya mwalimu wao wa zamani aliyekuwa akisinzia darasani huku amesimama. Hanula alicheka sana. Theano alilia, wala hakuficha.

Kina Hanula, wakimaliza mlo wa Pasaka, walikuwa wakiagana kwa kuambiana: mwakani Yerusalemu. Hanula akasimama, akakung'uta makombo.

"Mwakani ndani," alisema.

"Mwakani," Theano akajibu, akapangusa theluji iliyobaki kizingitini.

Jumamosi usiku Lambros alileta mshumaa kutoka kanisani na kuchora msalaba wa moshi juu ya mlango, kama kila nyumba. Moshi ukateremka taratibu kwenye mwimo wa kulia, ukakaa katika kijishimo cha mshazari, pale baba yake Hanula alipokuwa amepigilia kijaluba cha maandiko yao. Umekuwa ukiteremka hivyo kila Pasaka.

Jumatatu Lambros akatoa brashi kuupaka rangi ule mwimo. Jirani akapita na kondoo wa jana aliyebaki kwenye sufuria.

"Kristo amefufuka!"

"Kweli amefufuka," alijibu Theano, akamsogezea mumewe kopo la rangi.