Nguruwe Nilimjua

Insulini ya nguruwe sikuwahi kugombana nayo. Nilichinja ng'ombe kwenye machinjio ya Dagoretti tangu nywele zangu zikiwa nyeusi hadi zilipoamua kuniacha, na kongosho nalijua kwa mkono: kinyama laini kilichojificha nyuma ya tumbo, ambacho wateja wengi hawakitaki hata kwa mbwa wao. Kwa hiyo daktari aliponiambia, miaka hiyo, kwamba dawa yangu ya sukari inatolewa kwenye kongosho la nguruwe, niliitikia tu. Mnyama anachinjwa, kiungo kinatolewa, dawa inakamuliwa. Hiyo ni kazi inayoeleweka.

Mwaka wa 2006 wakanigeuzia mambo. Msichana wa dirisha la dawa, kwenye kliniki moja ya Upper Hill, alinisukumia kichupa akasema, "Mzee, ile ya zamani haiji tena. Siku hizi ni insulini ya binadamu."

"Ya nani?"

"Ya binadamu. Hii ni safi zaidi. Haya, mwingine!"

Nikatoka nje nimekishika kichupa kile kwa vidole viwili. Binadamu gani? Ng'ombe mzima, ukimtoa kongosho, halijazi hata karai. Nguruwe nao hukusanywa marundo kwa marundo ndipo chupa chache zijae. Sasa hao watu walichinjiwa wapi, na nani aliwapiga muhuri wa ukaguzi? Mimi, Ephantus, mzee wa kanisa Mutuini, nijidunge mtu kila asubuhi kabla ya uji? Niliogopa, na niliona aibu kumuuliza yeyote, maana swali lenyewe lilikuwa la kutia kichefuchefu.

Nikaficha kichupa kwenye friji nyuma ya maziwa, nikafyata ulimi. Nilikuwa na ya nguruwe kidogo, nikaitumia hadi ikaisha. Baada ya hapo sikujidunga kitu. Kiu ikanijia, kiu ya kunywa jagi zima na kulitazama tena. Macho yakaingia ukungu; wapangaji wangu wakipita uani niliona suruali, sikuona nyuso. Kidonda cha kidole cha mguu, ambacho kilikuwa kinafunga, kikafunguka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mimi huyo mkuu mwenyewe sikumwelewa.

Jumapili moja akaja Anita, kifungua mimba wangu, anayefundisha bayolojia shule ya upili huko Muthangari. Jina lake lingine ni Wangeci, jina la mama yangu, kama ada yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Ndiyo maana tangu akiwa mchanga mimi humwita Mama, naye hunigombeza kana kwamba alinizaa kweli.

Alienda chooni. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, choo imejaa sisimizi."

Sote wawili tuliwajua sisimizi hao. Walimfuata mama yangu nyuma ya nyumba kabla hatujajua kwamba mkojo unaweza kuwa na sukari. Alikufa akiomba maji, na Anita, akiwa mtoto wa darasa la tatu, ndiye aliyekuwa amemshikia kikombe.

Akafungua friji, akasogeza maziwa. Kichupa kilikuwa hakijafunguliwa.

"Unataka kufa, Baba? Niambie tu nijue."

"Niambie wewe kwanza ni nani alikatwa ndio hiyo kitu ipatikane."

"Nani alikatwa wapi?"

Nikamweleza hesabu yangu ya makongosho. Alinitazama, akaanza kucheka, kisha akaona sicheki. Akavuta kiti, akavua ushanga wake shingoni.

"Skiza. Kila seli ya mwili wako iko na maandishi ndani. Herufi ni nne pekee, na zinasomwa tatu tatu. Kila tatu zinaita shanga moja. Hii, halafu hii, halafu hii. Shanga zikishapangwa, mnyororo unajikunja, hiyo ndio protini. Insulini ni protini. Ile sehemu ya maandishi inasema insulini itengenezwe aje, ndio tunaita jeni yake."

"Na nani anasoma?"

"Seli yenyewe."

"Ilisomea wapi?"

Alifumba macho kama anavyofanya, nadhani, mbele ya kidato cha pili. "Baba. Sasa chukua bakteria, kale kadudu hakaonekani. Iko na maandishi yake, mengine yamejifunga duara kama pete. Wanakata hiyo pete, wanaingiza jeni ya insulini ya watu, wanaifunga, wanairudisha ndani. Bakteria haijui tofauti. Inasoma tu, inapanga shanga. Inazaana kwa matangi makubwa, na watoto wake wote wako na hiyo jeni. Halafu insulini inatolewa, inasafishwa. Hakuna mtu amechinjwa."

"Kwa hivyo hako kadudu ni mtu?"

"Si mtu!"

"Lakini kamebeba kitu ya mtu."

"Kamebeba sentensi moja."

"Na nguruwe akiwekwa sentensi mbili, tutambatiza?"

"Baba!"

"Nguruwe nilimjua!" Nilipiga meza hadi ushanga ukaruka. "Huyu mwenye sentensi simjui! Walitoa kwa nani?"

"Hawakutoa kwa mtu. Walishajua vile imeandikwa, wakaiandika upya wao wenyewe, herufi kwa herufi, kwa maabara."

Hapo nilipotea kabisa. Afadhali angeniambia ni mtu. Kichwa kilikuwa kinazunguka, na sikujua kama ni sukari au ni elimu.

"Wakaiandika kama ya nani?"

"Kama ya kila mtu! Yangu, yako, ya huyo mpangaji anapika chapati hapo nje. Ni sentensi moja. Hata shosho alikuwa nayo hivyo hivyo."

"Mama yangu?"

"Neno kwa neno."

Ndipo nikauliza kilichoniuma. "Kama alikuwa nayo, mbona akafa?"

Anita akauokota ushanga wake. "Alikuwa nayo," alisema polepole. "Ni kongosho lilishindwa kuitengeneza ya kutosha. Kama lako. Hii iko kwa chupa ndio ile alikosa."

Mambo ya kukata pete, mambo ya matangi, mpaka leo sijayaelewa, na ukiniuliza nitakudanganya. Lakini nakumbuka siku tuliyompa Anita jina. Mama yangu alikuwa hai, ameketi pale pale uani, na jina lake lilipochukuliwa hakupungukiwa na kitu. Miaka mingi walikuwa Wangeci wawili katika boma moja, na ukiita mmoja waliitika wote.

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Anita alikuwa anakiviringisha kichupa viganjani kukitoa baridi.

Nikapandisha shati.

"Haya, Mama," nikasema. "Nidunge."