Ubao Uliosema Tano

Siwapendi watu wa timu za pikipiki, na wao hawanipendi. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika habari za mbio zao kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti letu, na meneja pekee anayenichekea ni yule mwenye jambo la kuficha. Siku ya mbio za mwisho wa msimu nililisahau hilo. Meneja wa timu ya njano alinivutia kiti kivulini kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia mwandishi anayeujua mchezo huu ni mimi tu, wengine wanajaza kurasa. Kilikuwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa.

Timu ya njano ilikuwa na waendeshaji wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa dada yake meneja, na uwanja mzima ulimwita Mpwa. Tairi mpya zilikuwa za Mpwa, injini mpya ilikuwa ya Mpwa, hata mvua ikinyesha mwavuli ulikuwa wa Mpwa. Wa pili alikuwa Kobe, mtu wa miaka thelathini na nne mwenye watoto watatu, aliyezoea kupewa makombo. Jina la Kobe nililitunga mimi, kwa sababu alianza mbio taratibu kisha akawapita wenzake mmoja mmoja. Alilichukia, nami sikujali.

Msimu uliofuata timu ingekuwa na pikipiki moja tu. Meneja alikuwa ametangaza mbele yetu sote kwamba kati ya wawili hao, atakayemtangulia mwenzake siku hiyo ndiye atakayeipanda. Kobe akishindwa, basi tena. Kwa umri wake hakuna timu nyingine ambayo ingemtaka.

Kobe aliongoza tangu mzunguko wa tano, na kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, Mpwa akajipenyeza upande wa ndani na kumpita. Kobe hakujaribu hata kumzibia njia. Aliendesha kama mtu anayetoka sokoni na hana haraka ya kufika nyumbani.

Nilikasirika, maana moyoni nilimtaka Kobe ashinde. Mhariri alikuwa akinipigia simu kila baada ya dakika kumi, na waandaaji wa mbio hutangaza nafasi za mwisho tu, si muda wa kila mzunguko. Meneja akaniletea karatasi ya timu yake ikionyesha kwamba Kobe alikuwa mbele kwa sekunde tano. Akaongeza kwa huzuni kwamba mzee amechoka, afanyeje. Nikaandika kwamba Kobe alipewa sekunde tano akazilalia. Kesho yake gazeti likatoka na kichwa cha habari "Kobe Alala Njiani", na watu wakacheka.

Jumanne Kobe akaingia chumba cha habari bila kubisha hodi. Hakukaa. Aliliweka gazeti juu ya meza yangu, akaniuliza nani aliniambia alikuwa mbele kwa sekunde tano. Nikamwambia karatasi ya timu yake.

"Hata ubao uliniambia tano," alisema. "Lakini wewe ulikuwa na saa mkononi. Saa yako ilisemaje?"

Kwenye mbio zetu waendeshaji hawana redio ndani ya helmeti. Yaliyo nyuma yao wanayajua kwa njia moja tu: mtu wa timu husimama kwenye ukuta wa uwanja na kuinua ubao wenye namba kubwa, nao huusoma wakipita kwa kasi. Tano maana yake aliye nyuma yako yuko mbali sekunde tano. Ukiona hivyo, tena una tairi zilizokwisha, hupigani na kona. Unatunza shingo yako ufike salama. Kobe alisikia injini nyuma yake, akadhani ni mmoja wa wale walioachwa mzunguko mzima.

Nikafungua daftari langu. Mimi hupima kila anayepita na kuandika muda wake. Nilikuwa nimepima wote wawili mpaka mwisho. Kutoa muda wa mmoja kwenye wa mwenzake ndiko sikufanya. Nikatoa pale pale, Kobe akiniangalia: mizunguko mitatu kabla ya ule wa mwisho Mpwa alikuwa nyuma kwa sekunde moja na nusu, kisha moja, kisha nusu. Ukweli nilikuwa nao mkobani, nikaenda kunakili uongo wa mtu. Nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa nami nikashukuru. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Umenizika kwa kalamu," Kobe akasema. "Nifukue kwa hiyo hiyo. Andika, mimi nitasimama na wewe, nitasema kila kitu."

Nikamwahidi. Hakuna kati yetu aliyetaja jina la mtu wa ubao wa timu ya njano, ingawa sote tulimjua. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na kazi ile nilimwombea mimi mwenyewe.

Jioni nilikwenda kwake. Wifi alikuwa akipiga pasi sare za watoto, mdogo wangu amekaa kwenye kochi na sahani ya chakula mapajani. Sikuzunguka mbuyu. Nikamuuliza tano ilitoka wapi. Akasema meneja hutaja namba, yeye huipachika kwenye ubao. Kupima si kazi yake.

"Lakini uliwaona kwa macho," nikasema.

"Niliwaona." Akaweka sahani chini. "Dada, ukiandika hili hawatamgusa meneja, wala Mpwa. Watanitafuta mimi."

Nikamwambia nitamwandika meneja, yeye simtaji. Akaniuliza ubao ulikuwa mikononi mwa nani. Hapo wifi akaisimamisha pasi, akataka kujua kama watoto wa Kobe wana matumbo na wake hawana. Nami nina ulimi ambao haujawahi kunisaidia. Nikamjibu kwamba mumewe angewafikiria watoto kabla ya kuinua tano. Hakuna aliyenisindikiza mlangoni.

Habari ilitoka Alhamisi, ukurasa mzima, na takwimu zangu zote. Niliandika kwamba meneja aliamuru namba ya uongo ili mtoto wa dada yake apite. Mdogo wangu sikumtaja popote. Niliandika "mtu wa ubao", nikajiona nimemlinda. Ijumaa mashabiki walikwenda kupiga kelele mbele ya gereji ya timu, na Jumamosi meneja akatuita waandishi wote.

Walikuwa wamekaa watatu nyuma ya meza ndefu: meneja katikati, Mpwa kulia, Kobe kushoto, amevaa jezi mpya ya njano ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Meneja alisema wamechunguza na kugundua kwamba mtu wa ubao alikosea namba kwa uzembe wake, na hata karatasi ya timu ilinakiliwa kutoka kwake. Wamemfukuza. Kisha, kwa sababu timu inapenda haki, wamepata pikipiki ya pili, na Kobe ataipanda msimu ujao.

Nikasimama. Nilimuuliza Kobe, si meneja, namba ile ilitoka kwa nani.

Aliniangalia usoni. Nilitegemea angalau ainamishe kichwa, lakini hakuinamisha.

"Lilikuwa kosa la mtu wa ubao," alisema. "Meneja amekuwa baba kwangu."

Wenzangu wakaandika. Nami nikaandika, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo alivyosema na ndiyo kazi yangu. Niliandika kwa hasira, na sikujua nimemkasirikia Kobe au nimejikasirikia mwenyewe. Kiti chake alikuwa amekipata. Nilikuwa nimempigania kweli, na nikashinda.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Wifi aliufungua mlango kiasi cha uso wake tu. Nikamuuliza kama yupo. Akasema yupo, hataki kuniona. Nikamwambia nitazungumza na timu nyingine, nawafahamu wote, nitamtafutia kazi.

"Wifi, nani atampa ubao mtu aliyeanikwa gazetini na dada yake?" akaniuliza.

Nikaanza kusema kwamba mimi sikumtaja jina. Ndani nikamsikia mdogo wangu, hakupaza sauti, akimwambia mkewe: "Mwambie aandike na hilo."

Wifi alijua nimeyasikia. Akafunga mlango na kuutia komeo.