Firigisi ya Awinja

Mvua ilianza kumnyeshea Barnaba siku ya Jumanne, saa moja asubuhi, akiwa ameinamia gurudumu la baiskeli mbele ya kibanda chake sokoni Shianda. Haikumnyeshea mtu mwingine. Mama muuza nyanya, aliyeketi hatua mbili kutoka kwake, alibaki mkavu, na nyanya zake zikabaki na vumbi lao. Barnaba alitazama juu, hakuona wingu. Akasogea kushoto, mvua ikasogea. Akaingia kibandani, mvua ikaingia naye, ikaendelea kumwagika chini ya bati kana kwamba bati halikuwepo. Basi akamwomba radhi mwenye baiskeli, akaendelea kuziba pancha.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na saba, na jua lilikuwa limekausha kila kitu. Miwa ilikuwa imejikunja majani, na watu walikuwa wameishika mbegu ya mahindi mkononi kwa wiki tatu bila kujua waipande wapi. Kwa hiyo kufikia saa sita wanawake walikuwa wamemzunguka Barnaba kwa ndoo.

Mtu mmoja tu alijua mvua ile ilikuwa ya nani, naye alikuwa darasani, kidato cha pili, kitabu cha jiografia kikiwa wazi mbele yake. Awinja alikuwa ameiita asubuhi ile njiani kwenda shule, kama nyanya yake alivyomfundisha: neno moja, pumzi moja, na macho yako pale unapotaka ianguke. Alikuwa ametazama shamba la mama yake. Halikuanguka hata tone.

"Labda umekosea neno," Cherop alimnong'oneza.

Cherop alikuwa rafiki yake, msichana kutoka Lugari ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya kiwanda cha sukari. Yeye pia alikuwa na lake. Alikuwa na uwezo wa kunyamazisha kitu. Muhula uliopita alinyamazisha kengele ya shule, akajuta, kwa sababu hakuna aliyejua saa ya mapumziko imefika, na shule nzima ikafanya hesabu mpaka saa nane.

"Sijakosea," Awinja alisema. "Juzi nilimwita mbuzi wa Mama aliyepotea. Unajua alitokea wapi? Kitandani kwa baba mdogo Barnaba. Na jana niliita kalamu yangu. Baba mdogo akaikuta ndani ya uji wake."

Cherop alifikiria. "Siku uliyopewa hicho kitu, mlifanya nini?"

"Tulichinja jogoo. Anayepewa anakula firigisi."

"Ilikuwaje? Tamu?"

Awinja alifungua mdomo amjibu, halafu akaufunga. Alikuwa akikumbuka siku ile, bakuli kwa bakuli. Mchuzi ulikuwepo, na obusuma, ugali wa moto, ilikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga magoti na kunawisha watu mikono, na ndiye aliyepakua. Mguu ulikwenda kwa mgeni, mabawa kwa watoto. Na firigisi, imondo yenyewe, tangu dunia iumbwe huwekwa kwenye sahani ya mwanaume wa nyumba. Mwanaume wa nyumba siku ile alikuwa baba mdogo.

"Sikuila," alisema polepole. "Nilimpakulia yeye."

"Nani alikuambia umpakulie?"

"Hakuna. Mkono ulienda wenyewe."

* * *

Nyanya yake, Kukhu Navalayo, alikuwa akipepeta maharagwe uani Awinja alipofika na habari hiyo, Cherop akiwa nyuma yake. Mzee yule hakushtuka. Aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha, ndipo akaweka ungo chini.

"Njooni," akasema.

Akawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mume wake, Kuka Mathew, aliyekufa miaka tisa iliyopita. Ua wote ulikuwa mweupe kwa ukame, lakini juu ya kaburi majani yalikuwa mabichi hadi magotini, na vyura wawili walikuwa wamekaa pale kama watu waliolipia kiti. Watu wa kanisa walikuwa wakisema ni kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa haki. Walikuwa wamewahi kuja na kwaya.

"Mimi pia nilichinjiwa jogoo," Kukhu alisema. "Wakati wetu wanawake hawakulanga kuku hata paja. Lakini siku hiyo moja firigisi ilikuwa yangu, na nilijua ni yangu. Nikaiosha, nikaipika, nikamwekea Mathew."

"Kwa nini, Kukhu?"

"Si alikuwa ameketi pale na sahani? Basi nikiita mvua, Mathew analowa. Nikiita ng'ombe wa mtu, anakuja kusimama mbele ya Mathew. Watu wakamshukuru Mathew. Alipokufa nilidhani itanirudia mimi. Mnaona wenyewe inakonyesha."

Chura mmoja alilia. Cherop alimwangalia tu, naye akaacha.

"Kwetu hakuna kula chochote," Cherop alisema. "Kogo, nyanya yangu, anasema mtu anazaliwa nayo, na akifa anaondoka nayo."

"Kila nyumba na mlango wake, mukhana, binti yangu," Kukhu akamjibu. "Kwetu ilikuwa tule. Hakuna aliyetukataza. Tulijikataza."

"Na sisi ni wachawi, Kukhu?" Awinja akauliza. Alikuwa ameitwa hivyo shuleni mara mbili.

"Jumapili tunaitwa wachawi. Jumatatu mtu akipoteza ng'ombe tunaitwa mama. Mimi huitika yote mawili, nisije nikakosa mgeni."

Kisha akamwambia lililobaki. Jogoo wa kazi hii alitakiwa awe wa uzao wa kuku aliyekuja na mama mkuu wa ukoo, na wa uzao huo alikuwa amebaki mmoja tu, yule mwekundu aliyelala juu ya pipa. Mtu angeweza kula mara ya pili. Lakini firigisi ya pili hufunga. Ikishaliwa, kipawa hukaa kwa aliyekula, na hakihami tena.

* * *

Tatizo lilikuwa kwamba Shianda yote ilikuwa imemzoea Barnaba mwenye mvua.

Awinja alikuwa ameiita mara moja tu, lakini mvua ya kwanza ya mtu haijui kuacha, na ile haikuacha. Watu walianza kumwomba Barnaba asimame katika mashamba yao. Alikuwa mpole, hakujua kukataa. Asubuhi alitembezwa mistari ya mahindi ya huyu, mchana miwa ya yule, akiwa na mwavuli uliovunjika mbavu mbili na viatu vya mpira vilivyojaa maji. Aliyechelewa kumpata alinuna. Majirani wawili waligombana kwa sababu Barnaba, akipita mpakani, alikohoa na kuinamia upande mmoja zaidi.

Mke wake, Phoebe, alikuja kwa Kukhu siku ya Alhamisi akiwa amebeba godoro kichwani ili alianike.

"Shemeji zako wanafurahi," alimwambia mama yake Awinja. "Mimi nyumbani nina kinamasi. Jana nimeona mtoto wa chura ndani ya kikombe cha chai. Na mtu mwenyewe anakohoa kama trekta."

"Pole, mama."

"Sitaki pole. Nataka mume mkavu."

Jioni hiyo hiyo Mzee Were, mwenyekiti wa ukoo, alitangaza kwamba jambo limeeleweka. Kipawa kilikuwa kimejichagulia mwanaume, na ilikuwa vizuri, kwa sababu kimekaa vibaya kwa wanawake muda mrefu. Jumamosi jogoo mwekundu atachinjwa, Barnaba atakula firigisi ya pili, jambo lifungwe. Awinja atamfundisha maneno, halafu yeye ataendelea na masomo yake.

"Lakini nikisema mimi hakuna kinachotokea, Mzee," Barnaba alisema. Alikuwa amejaribu. Alikuwa ametamka neno la mvua mara kumi na moja, akapata kwikwi.

"Utazoea," Mzee Were akamwambia.

Awinja hakulia. Alikwenda kukaa karibu na pipa, akamtazama jogoo, na jogoo akamtazama kwa jicho moja. Tangu ajue kuongea alikuwa akijifunza kuita. Alikuwa amejifunza kabla ya kusoma. Jumamosi ikipita, angebaki na maneno mdomoni, kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba iliyouzwa.

"Si useme tu hutaki?" Cherop alimwuliza.

"Wao siwaogopi. Naogopa huu." Akauinua mkono wake wa kulia, wakauangalia wote wawili.

* * *

Jumamosi wazee sita walikaa sebuleni kwa Kukhu kwenye viti vya vitambaa. Barnaba alikaa katikati, na chini ya kiti chake Phoebe aliweka beseni. Kila baada ya muda alilitoa, akalimwaga nje kwenye kitalu cha sukuma wiki, akalirudisha bila kusema neno. Wazee walikuwa wamekaa mbali naye kidogo ili wasirukiwe.

Awinja aliingia na maji ya kunawa. Akapiga magoti mbele ya kila mmoja. Cherop alifuata na obusuma. Kisha ikaja sufuria, na ndani yake, juu ya mchuzi, ilikuwa ile firigisi, ndogo, imekunjamana, si kubwa kuliko kifundo cha kidole gumba.

Mzee Were alisimama. "Kabla hatujala," alisema, "ningependa kuwakumbusha mila. Firigisi si nyama. Firigisi ni kiti. Mwanamke akiila anaota ndevu, ng'ombe wanakataa kukamuliwa, na..."

Hapo sauti yake ilikatika. Midomo iliendelea. Mkono wake uliendelea kupanda na kushuka, kidole kikahesabu hoja ya tatu na ya nne, lakini hakikutoka hata kishindo cha pumzi. Cherop alikuwa ameinama akipanga vikombe kwa makini sana.

Mzee Were alitazama nyuso zilizomtazama, akaona hazibadiliki. Alidhani wote wamekuwa viziwi kwa pamoja. Akawaonea huruma, akaongeza ishara. Mzee aliyekaa pembeni yake alisema baadaye kwamba ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

Awinja akapakua. Mguu kwa mgeni. Kifua kwa wazee. Kijiko kikarudi sufuriani, kikachota firigisi, na mkono wake ukaanza safari. Haukuharakisha. Ulipita juu ya sahani ya Mzee Were, ukapita juu ya chumvi, ukaelekea moja kwa moja kwa Barnaba. Aliuambia usimame. Ulikuwa kama ng'ombe anayejua njia ya kwao.

Barnaba akaweka kiganja chake juu ya sahani. Maji yalitiririka kati ya vidole.

"Mama," alimwambia Awinja kwa upole, "mimi nimeshiba."

"Baba mdogo, hujala kitu."

"Nimeshiba mvua. Nikiongezewa, nitaota." Akakohoa. "Hii ilikuwa yako hata ile siku. Niliiona. Nikaila kwa sababu uliniletea. Ungeniletea sabuni ningeila pia, mbele ya wageni."

Kijiko kikabaki hewani. Hapakuwa na sahani ya kukipokea, na mkono ule, uliokuwa ukijua njia moja tu, ulisimama kama umepotea. Awinja aliutazama. Kisha, kwa kuwa ulikuwa wake, aliurudisha. Ulikuwa mzito kuliko mtungi. Chumba kizima kiliutazama ukirudi juu ya chumvi, juu ya mchuzi, hadi kwenye mdomo wake.

Akatafuna. Wote wakangoja.

"Ikoje?" Phoebe akauliza hatimaye.

"Ngumu," Awinja alisema. "Kama tairi ya baiskeli."

Alipofika nusu aliacha. Alitoa kipande kilichobaki, akakitazama, akainuka na kwenda mlangoni, alikokaa Kukhu kwenye mkeka kama wanawake wakubwa walivyokaa siku zote, akisubiri wazee wamalize ndipo wapewe shingo.

"Kukhu, chukua."

"Meno yangu matatu, mukhana."

"Meza tu."

Navalayo alikitazama kipande kile kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai. Alikuwa ameosha firigisi nyingi maishani. Akafumba macho, akakitia mdomoni, akakipeleka huku na huku juu ya yale meno matatu, akameza.

Juu ya Barnaba mvua ilikata. Tone la mwisho likamdondoka puani, likaanguka katika beseni, na likasikika chumba kizima. Phoebe alimgusa bega. Akamgusa tena. Kisha akaondoa beseni, akaliweka kando taratibu.

Awinja alitoka hadi uani. Akatazama shamba la mama yake, halafu akatazama zaidi, mpaka kwenye miwa na paa za soko. Neno moja, pumzi moja.

Ilikuja kwa upana. Ilipiga bati la Kukhu, bati la jirani, migomba, barabara, baiskeli zote za Shianda. Wazee walitoka na sahani zao kuiona. Mzee Were naye alitoka, na sauti ikamrudia katikati ya sentensi aliyokuwa bado akiitoa, ikasema "...kwa hiyo tuwe waangalifu," na maji yakamwingia mdomoni. Alijipapasa kidevu. Kisha, kwa uangalifu, akamwangalia Awinja kidevu. Hakikuwa na kitu.

Kukhu alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama katikati ya uwanja bila kitambaa kichwani. Mvua za Mungu zilikuwa zimemlowesha mara nyingi, lakini ya kuitwa, ya nyumba yake mwenyewe, ilikuwa haijawahi kumgusa. Aliiacha ishuke shingoni. Aliipa viganja vyote viwili.

Awinja alimfuata nyuma ya nyumba. Huko mvua ilikuwa ikinyesha kama kwingine kote, wala si zaidi, na vyura wawili walikuwa wakishuka kaburini polepole, wakielekea shambani.

Navalayo aliinama, akashika majani marefu ya mumewe, akayakung'uta maji.

"Umelowa vya kutosha, Mathew," alisema. "Kuanzia kesho kauka."