Bata Mzinga wa Dola Mia Nne

Mama yangu, Lorraine Pavlik, hukata kuponi magazetini kila Jumapili baada ya kanisa, kwa mkasi ambao nimepigwa marufuku kuugusa tangu nilipoutumia kunyoa sharubu za paka. Kisha huzipanga katika faili nene: sabuni, nafaka, maziwa. Nikiwa bwenini chuoni, mimi huwaambia wenzangu kwamba faili hilo ndilo maandiko matakatifu ya mji wetu, Youngstown.

Novemba ile duka letu lilitangaza kwamba atakayefikisha manunuzi ya dola mia nne kabla ya Sikukuu ya Shukrani atapewa bure bata mzinga, kitoweo cha lazima cha sikukuu hiyo. Mama alikuwa amemwalika shangazi Darlene, ambaye kila mwaka huuliza mezani kama nyama nayo imekatwa gazetini. Bila bata yule, Darlene angekaribishwa kwa soseji.

Jumatano, siku ya mwisho, tulifika kwa keshia, Tammy.

"Umefikisha mia tatu themanini na nane, Lorraine," alisema Tammy. "Bado kumi na mbili."

"Bado nini? Nimepiga hesabu, ni mia nne na mbili!"

Meneja Hensley akaja, tai yake imechorwa bata. "Tunahesabu ulicholipa, mama, siyo bei ya rafuni. Leo kuponi zimepunguza kumi na nne."

"Yaani mnaniadhibu kwa kubana matumizi?"

"Ndiyo masharti. Yako nyuma ya tangazo."

Mama alipekua faili, akachomoa kuponi ya siagi, aliyokuwa ameikata kwenye tangazo hilo hilo, na kuigeuza. Nyuma yake, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, yalikuwepo masharti, nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeenda na mkasi.

Shingo ya mama ikawa nyekundu.

"Tammy, nirudishie kuponi zangu za leo. Zote. Nalipa bei kamili."

Maneno hayo sikuwahi kuyasikia nyumbani kwetu. Nilivua kofia.

Alilipa dola thelathini na moja badala ya kumi na saba, jumla ikafika mia nne na mbili, akakabidhiwa bata aliyeganda kama jiwe, akampakata. Kisha akawageukia watu wa foleni.

"Jamani! Leo dukani hapa kila kuponi inakata bei mara mbili ya ilivyoandikwa, na ile nusu ya pili inatoka mfukoni mwa huyu bwana. Nani ana sabuni?"

"Mimi!" akaitika mzee mmoja.

"Mpe mbili! Nani ana nafaka?"

Nilipita na faili kwa unyenyekevu wa mzee wa kanisa anayekusanya sadaka, ila mimi nilikuwa nagawa.

"Mama, tafadhali, unachelewesha foleni," alisema Hensley.

"Nachelewesha? Miaka kumi na tisa nimenunua kwako! Leo ndiyo umeiona foleni?"

"Lakini umenunua kihalali, bata umempata..."

"Nimemlipia! Usiniambie nimepewa!"

Foleni yetu ilipokwisha kupata, faili lilikuwa bado limejaa nusu. Mama akatazama foleni namba sita.

"Na nyinyi," akawauliza kwa sauti ya kugombana, "mna nini humo kwenye vitoroli?"