Farasi Hayumo kwenye Eda

Mume wangu Habib alifariki Jumatano, akazikwa kabla ya alasiri, na ilipofika Ijumaa shemeji yangu Khatibu alikuwa ameshaanza kumkagua farasi wangu. Nasema farasi wangu kwa sababu ndiye mahari yangu. Wenzangu walipewa bangili na samadari. Mimi nilisubiri miaka kumi na miwili, kisha Habib akaniletea nyumbani kwetu Junda farasi jike wa rangi ya chai ya maziwa, jina lake Marjani, akatamka mbele ya mashahidi kwamba amenipa. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliambiwa ni wangu, nikaamini.

Kila siku Habib alimpeleka Marjani ufuoni Bamburi, wageni wakapanda na kupigwa picha, nasi tukala. Huko ufuoni kuna kamati ya wenye ngamia na farasi, na ina sharti moja ambalo hata mimi naliona la haki: anayepewa nambari ya kazi lazima ajue kumpanda mnyama wake, ili siku akishtuka na mtoto wa watu mgongoni, awepo wa kumtuliza. Kwa miaka saba nilikuwa nimemlisha Marjani, nimemwosha na kumzolea mavi. Mgongoni mwake sikuwa nimekaa hata mara moja.

Khatibu alikuja wiki ya tatu ya eda. Alikaa ukumbini na mama yake, Bi Zubeda, akasema kwa sauti ya kunifikia nyuma ya pazia. Farasi ni wa Mama Ruwaida, alisema, akinitaja kwa jina la binti yangu, hilo halina ubishi. Lakini nambari ya Habib kamati ingeishikilia mpaka eda yangu iishe. Siku hiyo nisipoweza kupanda, nambari angeichukua yeye, na Marjani, kwa kuwa hangekuwa na kazi, angeuzwa. Mnunuzi ameshampata, mtu wa Kilifi. Aliyasema yote kwa upole, kama anayenitua mzigo, na hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

Nilimuuliza, je, nikiweza?

"Shemeji," akasema, "mwanamke wa miaka arubaini na tatu."

Alichukua kofia yake akaenda zake. Mimi nilibaki nyuma ya pazia nikisema peke yangu maneno ambayo mwanamke wa eda hapaswi kuyasema.

Asubuhi yake nilituma mtu kwa Ziro, mzee wa Kigiriama aliyekuwa akimwongoza Marjani ufuoni pamoja na Habib. Nilitaka anifundishe. Ugumu ulikuwa kwamba nina miezi mitatu na ushei ya kukaa ndani, na Ziro si maharimu wangu, siwezi kukaa naye uani. Ziro alikuja mpaka mlangoni, akakuna kidevu, akasema yeye atakaa nje ya ukuta, kwenye kichochoro, juu ya tofali. Mimi nitakuwa ndani na farasi. Kwato za Marjani anazijua, atanifundisha kwa masikio.

Bi Zubeda alipolisikia hilo aliacha kuhesabu tasbihi. "Wewe wa eda, wataka kupanda farasi?"

"Mama, eda yanikataza kutoka, kujipamba na kuposwa," nikamwambia. "Farasi hayumo."

Alirudi kwenye tasbihi, akahesabu chache. Mwisho alisema basi yeye atakaa mlangoni na kiti chake, ili watu wasije wakasema. Khatibu ni mwanawe wa kumzaa, sikutegemea hata hilo.

Wiki mbili za kwanza Ziro hakuniruhusu kupanda. Nilidhani kwa kuwa namlisha Marjani namjua. Kumbe nilikuwa nikimjua mdomo tu. Nilifundishwa kumwendea kwa bega la kushoto, nikisema naye kabla ya kumgusa, na kutompita nyuma hata kama nina haraka. Nilifundishwa kuinua kwato moja moja na kuzisafisha. Nilifundishwa kwamba ukimfunga mkanda wa tandiko Marjani huvimbisha tumbo makusudi, kwa hiyo umtembeze hatua kumi, kisha ukaze tena. Haya yote yalisemwa kutoka upande wa pili wa matofali, na mwuza maji akipita na mkokoteni wake Ziro alinyamaza kama mtu anayejipumzikia tu.

Siku ya kupanda nilivaa suruali ya Habib chini ya buibui nililolipasua pembeni, na juu ya mtandio helmeti ya bodaboda ya mkwe wangu. Bi Zubeda aligeuza uso ukutani akacheka mpaka kiti kikalia. Nilipanda. Pale juu niliogopa sana, na sioni haya kulisema. Ardhi ilikuwa mbali, na kitu kilichonibeba kilikuwa kinapumua.

"Miguu yake iko wapi, bibi?" Ziro akauliza kutoka nje.

"Iko chini ya magoti," Bi Zubeda akamjibu.

Kwa siku kadhaa alimjibu hivyo hivyo, kwa ukorofi. Kisha, sijui ni lini, ukorofi ulimwisha. Nikaanza kumsikia akisema visigino vimepanda, mwambie ashushe. Akasema ameuegemea mno mguu wa kushoto. Akasema anatazama chini tena huyu, atazame mbele aendako. Nilijifunza kuutia mguu kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, sehemu ya mbele tu, ili nikianguka uchomoke. Nilijifunza kwamba farasi hasimamishwi kwa kuvutwa mdomo. Unakaa kwa uzito wako wote, unatoa pumzi, naye anasikia.

Siku niliyoanguka, Khatibu alikuwa ametuma salamu kwamba mtu wa Kilifi angependa kuja kuyaona meno ya farasi. Nilifunga mkanda kwa hasira, nikapanda kwa hasira, na hatua kumi nikazisahau. Tandiko lilizunguka pamoja nami, nikatua katikati ya masufuria ya Bi Zubeda.

Ziro alisikia kishindo. Hakupiga kelele. "Mama Ruwaida, hatamu umeiachia?"

Sikuwa nimeiachia. Niliikamata ile kamba kwa mikono miwili kana kwamba nikiiacha tu mtu wa Kilifi ataiokota. Aliniambia niifungue mikono, kwa sababu anayeng'ang'ania ndiye anayeburutwa. Niliifungua. Nikalala palepale nikamlilia Habib kwa sauti, jambo ambalo tangu mazishi nilikuwa sijalifanya, kwa kuwa nilikuwa na kazi ya kukasirika. Ziro alisubiri nje mpaka nikamaliza.

"Hofu panda nayo, haina neno," akasema. "Hasira iache chini. Huyu anaisikia kwenye mapaja yako."

Nilimwambia hasira ndiyo iliyonitoa kitandani. Akasema sawa, nikishashuka niichukue tena.

Eda iliisha Alhamisi. Jumamosi nilimwongoza Marjani mwenyewe kutoka Junda mpaka ufuoni, Ziro akifuata nyuma. Kamati ilikuwa imekaa chini ya mwavuli: mwenyekiti wao Phineas, katibu wao Chrispine na kitabu chake, na wengine wawili. Khatibu alisimama kando na mgeni aliyevaa viatu vya ngozi kwenye mchanga. Sikuuliza ni nani.

Nilimfunga mkanda, nikamtembeza hatua kumi, nikakaza tena, nikapanda bila kushikwa mkono. Nilikwenda mwendo wa pole, nikaenda mwendo wa mbio ndogo, nikarudi. Ziro alikuwa hajawahi kuniona nikipanda, na kwa kuwa mchanga hautoi sauti, ilimbidi atazame. Kisha Phineas akaniambia nizunguke kwa mkono wa kulia, na hapo aibu ikanipata. Uani kwetu upande wa kulia kuna kisima na kamba ya nguo. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimezunguka kushoto tu. Marjani alijua kulia, mimi sikujua. Nilipinda kama mnazi, helmeti ikanifunika macho, na watu wakacheka. Khatibu alicheka zaidi.

Wakicheka hivyo, boti ya injini ikawaka karibu na ufuo. Marjani aliruka pembeni, akanyanyua kichwa kukimbia. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake. Nilitamani kumpigia farasi ukelele, lakini nilitoa pumzi. Nilikaa kwa uzito wote, nikashusha visigino, nikavuta hatamu ya kushoto peke yake, nikamzungusha duara letu la Junda, dogo, kisha dogo zaidi, mpaka akasimama. Hakuna aliyecheka tena.

Kamati iliinamiana. Phineas akaja akanipongeza, akasema nimefaulu, imebaki kushuka tu. Nambari itabaki hapa hapa, akasema. Itaandikwa kwa jina la Khatibu kama msimamizi, nami nitafanya kazi chini yake, ndivyo inavyofaa kwa mwanamke, na Marjani hatauzwa. Alitabasamu akingoja nishukuru.

"Basi sishuki," nikasema.

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Khatibu akaja akaniambia nishuke tuzungumze kama watu wa nyumba moja, nikamwambia azungumze, namsikia. Alisema naaibisha jina la marehemu nduguye. Nikamwambia marehemu nduguye alinipa farasi mbele ya mashahidi, na wawili wao wamekaa pale chini ya mwavuli. Hao wawili wakatazama miguu yao.

Nilikaa. Maji yalikuwa yanajaa. Yalifika kwenye meza ya kamati, wakaisogeza, yakafika tena. Wenye ngamia walikuja kuuliza kazi itaanza saa ngapi, maana haianzi kabla kamati haijafunga kitabu, na wageni walikuwa wananipiga picha bure. Mapaja yaliniwaka moto, ila Marjani alisimama kimya chini yangu. Mtu wa Kilifi alikunja suruali akaondoka.

Mwisho Phineas alimpungia mkono Chrispine, aandike basi, yaishe. Chrispine alikuja na kitabu, maji yakimfika vifundoni, akaandika kwa haraka akakiinua nitie sahihi. Niliinama nikasoma. Alikuwa ameandika: Mjane wa Habib.

"Futa," nikamwambia.

Akanitazama kutoka chini. Huyu ni mtu aliyekula mahamri yangu asubuhi nyingi kwa miaka saba. "Kwani jina lako nani?"

Nilimwambia: Sumeya binti Matano. Aliandika. Nilimwomba akiinue kitabu juu zaidi, nikasoma herufi moja moja, nikatia sahihi, ndipo nikatoa mguu kwenye kikuku nikashuka.