Kadi ya Chiriku

Wallahi, sijawahi kumpokonya mtu mzima kitu mkononi ila siku ile.

Chiriku tulimpa jina hilo kwa mdomo wake. Hesabu za kichwa anakujibu kabla hujamaliza swali. Ila mpe kitabu, bubu! Mistari inamchanganya, anaruka kutoka wa pili hadi wa tano. Darasa la tatu alikuwa amelirudia mara mbili. Nilipompata mimi, nilikata dirisha jembamba kwenye kipande cha karatasi ngumu ya manila, linaloonyesha mstari mmoja tu. Akasoma. Polepole, huku akiisukuma kadi kwa kidole, lakini alisoma! Wenzake nao niliwapa kazi kila mmoja kwa kadiri yake, maana vidole vya mkono mmoja havilingani.

Siku ya mtihani wa kusoma akaja mkaguzi mwenyewe. Asiyepita anarudia, na mama Chiriku alishaniambia kwamba safari hii mwanawe akirudia, baba anamtoa shule.

"Nini hii?" mkaguzi akauliza, kadi keshaichukua.

"Inamsaidia kufuata mstari, mzee."

"Huo ni upendeleo, mwalimu. Mtihani ni mmoja kwa wote." Akaitia mfukoni. Jamani!

Mtoto akautazama ukurasa. Midomo inacheza, sauti haitoki. Machozi yakadondokea kitabuni.

"Hawezi," akasema mkaguzi. Akafungua daftari la alama, akachukua rula mezani kwangu, akaiweka chini ya jina la kwanza, akawa anaishusha jina hadi jina.

Chiriku akajifuta kamasi. "Mwalimu, mbona yeye anatumia?"

Damu ikanichemka. Nikaichomoa ile rula mkononi mwake. "Mtihani ni mmoja kwa wote, mzee. Haya, litafute jina lake."

Majina sitini na nane, vyumba vidogo vidogo. Akakodoa macho, akarudi juu, akashuka, akaandika sifuri. Nikachungulia. Sifuri kampa msomaji hodari kuliko wote darasani, jina lililo juu ya la Chiriku.

"Huyo siye," nikasema.

Akaifuta. Kisha akatoa kadi mfukoni, akaiweka mbele ya mtoto bila kunitazama. Chiriku akasoma hadi nukta ya mwisho, akapita.

Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Lakini hasira haijanitoka hadi leo. Mtoto wa watu kapoteza miaka miwili kwa kukosa kipande cha manila, na sisi walimu rula tulikuwa nazo mezani siku zote.