Tumbo la Nyapara Stanslaus

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye ghala la mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, nyapara Stanslaus aligawa posho. Alichota unga guniani kwa kopo la samli, akapitisha kijiti juu ya kopo kuusawazisha, akaumimina kwenye kapu la aliyekuwa mbele yake. Kopo alilishika kwa namna yake, vidole vinne nje na kidole gumba ndani. Kidole hicho kilikuwa kinene kama kiazi, kwa hiyo hakuna aliyepata kopo kamili, na unga uliobaki guniani ulikwenda nyumbani kwa Stanslaus jioni. Foleni nzima ilikijua kidole. Hakuna aliyekitaja, maana aliyekitaja mwaka wa nyuma alihamishiwa kwenye shimo lenye maji.

Katika foleni hiyo alisimama Paskalia, mke wa mchimbaji Bujiku, na mtoto wake Esta mgongoni. Esta alikuwa mchanga bado. Maziwa ya mama yake yalikuwa yakikauka kwa sababu unga wa wiki uliisha Alhamisi, na mtoto alilia kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusumbua watu.

Mwaka huo wa 1953 moyo wa Stanslaus ulianza kuchoka. Akipanda ngazi za ghala alikaa juu ya magunia mpaka pumzi irudi. Mkewe Generosa alimpeleka hospitali ya misheni kwa lori, njia nzima akimkinga vumbi kwa kanga yake mwenyewe. Daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema moyo huo unabeba mzigo wa watu wawili, na usipopunguziwa hautaiona masika. Akakataza nyama, mtindi na pombe. Akaruhusu michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kiganja kimoja asubuhi, na jioni ugali wa nusu kopo la unga kwa mboga za majani.

“Hicho ni chakula cha mtu mzima?” Stanslaus aliuliza.

Daktari alimjibu kwamba wafanyakazi wa kambini wanaoletwa kwake huonekana wamekula hivyo kwa miaka, na mioyo yao haina mafuta hata kidogo. Stanslaus alifarijika kusikia hivyo.

Jumapili baada ya misa Generosa alitandika mkeka nyuma ya jiko. Alichana kaniki kuukuu vipande vipande, akafunga michembe humo, kila fundo mlo wa asubuhi moja, akayatundika yote kwenye kamba. Majani ya kunde makavu aliyagawa katika vibakuli. Alitaka mumewe akishikwa na njaa afungue fundo moja, ale, asipate la kufikiri zaidi. Alipofika kwenye unga, Stanslaus alimwambia kupima ni kazi yake, akalichukua kopo.

“Baba Ignas, kidole,” Generosa alisema.

“Kidole gani?”

Stanslaus alijipimia chakula cha wiki nzima kidole kikiwa ndani, na unga uliosalia akaamuru uwekwe akiba. Tangu siku hiyo, kila jioni Generosa alipunguza ugali wake mwenyewe, akauongeza kwenye sahani ya mumewe kabla hajaileta, ili apate angalau ile nusu ya daktari.

Tatizo lilikuwa wageni. Wanaume walikula pamoja uani, sahani moja, na aliyepita wakati wa chakula alinawa mikono akaketi. Ngassa, mlinzi wa geti la kambi, alipita karibu kila jioni. Siku ya kwanza alinawa, akautazama ugali.

“Mama Ignas, leo umepikia kuku?”

Akaumaliza kwa matonge mawili. Baada ya jioni chache za namna hiyo Stanslaus alianza kula chumbani, mlango ukiwa na komeo. Kambi ilisema sana. Mtu kuchukua unga wa wenzake walikuwa wamekwisha kumzoea, lakini mtu kula peke yake, na mlango umefungwa, walikuwa hawajamwona. Generosa ndiye aliyemweleza Ngassa habari za moyo. Ngassa aliona haya, na toka hapo alipokuja jioni alikuja ameshiba, akaketi nje ya ule mlango uliofungwa na kusimulia habari za geti, ili mwenzake asile kimya.

Wiki ya tatu tumbo la Stanslaus lilichoka kungoja, likashuka kitandani peke yake. Generosa alipoamka kufagia alilikuta limeketi mlangoni, limevaa fulana ya Stanslaus. Stanslaus mwenyewe alikuwa kitandani, bapa kama ubao, amelala vizuri kuliko siku nyingi zilizopita. Generosa alidhani linataka kwenda haja, akalifungulia. Tumbo likashika barabara ya kambini, mwendo wa polepole kama wa mwenyewe.

Ngassa alipoliona linatoka upande wa nyumba za manyapara, alilipigia saluti na kufungua geti. Watoto waliliambia shikamoo. Likanguruma, nao wakaona wameitikiwa, wakaendelea kucheza.

Lilisimama kwenye nyumba ya kwanza, nyumba ya Paskalia. Bujiku alikuwa shimoni. Paskalia alimweka Esta chini, akaliamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaleta kigoda. Kigoda hakikutosha, akatandika ngozi ya ng’ombe kando ya mlango. Kulikuwa na upepo, na fulana ilikuwa imepanda juu, basi akalifunika kwa kanga. Tumbo likatulia. Halafu likaanza kutoa unga kitovuni, bonge moja moja. Kila bonge lilikuwa na umbo la kidole gumba, hata alama ya ukucha ilionekana.

Paskalia alishika bonge moja akalivunja, akanusa.

“Huu ni wetu,” alisema, akaleta ungo.

Mchana alikunywa uji mzito, na jioni akala ugali akashiba. Kesho yake maziwa yalirudi, na Esta alinyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni.

Tumbo lilizunguka kambi nzima, nyumba kwa nyumba, kila siku kidogo. Kila mtu alipewa unga wake, si zaidi. Kapera mmoja alibisha kwamba yeye ni wa siku nyingi pale na mabonge yake hayajatimia. Tumbo likafikiri, likamwongezea mawili. Jioni lilirudi nyumbani likiwa limepungua. Stanslaus alimuuliza mkewe linashinda wapi.

“Linatembelea watu.”

“Linakula huko?”

“Halili kitu.”

“Vizuri,” Stanslaus alisema. Alichoogopa ni lisije likavunja masharti ya daktari.

Lilipomaliza nyumba ya mwisho lilikuwa limebaki kama kibuyu cha maji. Likarudi mahali pake likalala. Daktari alisikiliza kifua tena akampa Stanslaus mkono wa pongezi. Ngassa alimletea mkanda wake wa zamani, maana suruali zilikuwa zikishikiliwa kwa kamba.

Jumamosi iliyofuata Stanslaus alipanda ngazi za ghala bila kupumzika. Aligawa posho kama siku zote, vidole vinne nje, gumba ndani. Lakini gumba nalo lilikuwa limekonda, limekuwa kama ganda la kunde, na makopo yalitoka karibu kujaa. Foleni ilipokwisha aliinamia gunia. Chini hapakuwa na kitu. Alilikung’uta, akalitazama kwa muda kama mtu aliyeibiwa. Nyumbani alikula fundo lake la michembe na kusema dunia imeharibika.

Jumamosi ya pili yake akatia kidole cha shahada pamoja na gumba.

Foleni iliviona vidole viwili. Paskalia alipokea unga wake, na alipoinua kapu alijua kwa uzito kwamba utaisha Jumatano. Jirani yake Bhoke alimsogelea.

“Mama Esta, umeona?”

“Nimeona.”

“Na mtoto je?”

Paskalia aligeuka, akamtazama Stanslaus kiunoni. Mkanda wa Ngassa ulikuwa umelegezwa tundu moja.

“Kwa vidole viwili tumbo litajaa upesi,” alisema.

Alifika nyumbani, akamnyonyesha Esta upande uliokuwa bado na maziwa. Kisha akatoa ngozi ya ng’ombe, akaipangusa vumbi, akaitandika kando ya mlango, pale pasipo na upepo.